Waliobatizwa Wasizikwe: Nasaba na Uhamaji katika Madaftari ya Parokia za Uingereza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wahenga, na walinena juu ya bidhaa, karadha na hesabu za duka. Hata hivyo, methali hiyo ikipanuliwa kidogo huzua swali lenye uzito kuliko mali: je, watu wasio na daftari nao hupotea bila habari? Na wale walioandikwa daftarini, je, hao hupatikana? Swali hili ndilo linalowafanya baadhi ya wakazi wa Ontario, nchini Kanada, wavuke Bahari ya Atlantiki hadi mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza. Huko iko hifadhi ya nyaraka ya Sussex Magharibi, na ndani yake yamo madaftari ya kale ya parokia, yaani vitabu ambamo makasisi wa Kanisa la Kianglikana waliandika ubatizo, ndoa na maziko ya watu wao kwa karne nyingi.

Msafiri wa namna hiyo hana haja ya kupewa jina hapa, maana wako wengi. Na aitwe mjukuu tu. Mkononi ana vitu vichache: jina la ukoo, mwaka uliokisiwa na kuandikwa ndani ya Biblia ya nyumbani, na hadithi iliyopitia vinywa vya vizazi sita au saba. Hadithi za namna hii hufanana sana. Babu alikuwa kijana shupavu. Aliiaga Uingereza kwa hiari yake, akiwa na fedha kidogo mfukoni na matumaini makubwa moyoni. Alifyeka msitu, akajenga, akazaa. Wakati mwingine huongezwa kwamba damu ya ukoo huo inagusana na damu ya lodi fulani. Anachokitaka mjukuu ni kidogo: ushahidi. Bado hajafahamu kwamba daftari halikuandikwa kwa ajili yake, na kwamba linaweza kumkabidhi babu mwingine kabisa, asiyefanana na yule wa hadithi.

Daftari la parokia halikuzaliwa kwa mapenzi ya nasaba. Lilizaliwa kwa amri. Mnamo Septemba 1538, Thomas Cromwell, aliyemsimamia Mfalme Henry wa Nane mambo ya kanisa, aliagiza kila parokia iwe na kitabu. Kila Jumapili kasisi alitakiwa kukitoa kitabu hicho mbele ya wazee wa kanisa na kuandika humo wote waliobatizwa, waliooana na waliozikwa katika juma lililopita. Kitabu kiwekwe ndani ya kasha lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na wa pili kwa wazee. Aliyezembea angetozwa faini ya shilingi tatu na peni nne.

Wananchi hawakuipokea amri hiyo kwa vigelegele. Uvumi ulizagaa, hasa katika pande za Devon na Cornwall, kwamba serikali inawahesabu watu ili iwatoze kodi wanapozaliwa, wanapooa na wanapokufa. Wakubwa waliukana uvumi huo. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Safari yake ilikuwa ndefu tu. Miaka 245 baadaye, mnamo 1783, Bunge lilipitisha ushuru wa peni tatu kwa kila jina lililoingizwa daftarini, maskini wasiojiweza wakisamehewa. Ghafla idadi ya maskini ikaongezeka katika vitabu, kwa kuwa wapo waliopendelea kuitwa mafukara kuliko kutoa peni tatu. Ushuru huo ulifutwa mnamo 1794. Kwa hiyo mjukuu akikuta babu yake ametajwa kuwa fukara katika miaka hiyo kumi na mmoja, hana budi kujiuliza kama huo ni ufukara wa tumbo au ni ujanja wa mfuko.

Vitabu vya kwanza vingi vilikuwa vya karatasi duni. Kufikia 1598 ilikuwa imeamriwa kwamba vinakiliwe upya katika vitabu vya ngozi, tangu mwanzo wake, na hasa tangu Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoanza kutawala mnamo 1558. Neno hilo “hasa” lilileta hasara kubwa. Makarani wengi walilichukua kuwa ruhusa. Wakaanza kunakili kuanzia 1558, na miaka ishirini ya mwanzo ikaachwa ioze. Hata hivyo, kanuni zilezile zilidai kwamba kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo zimewaokoa wengi, kwa maana panya walipokula kitabu cha parokia, au moto ulipokiteketeza, mara nyingine nakala ya askofu ilisalia.

Namna daftari linavyosema na linavyonyamaza hudhihirika vizuri katika mstari mmoja mashuhuri. William Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili wamemjua kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere katika tafsiri za Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, alibatizwa katika kanisa la Utatu Mtakatifu, mjini Stratford-upon-Avon, tarehe 26 Aprili 1564. Mstari wenyewe ni wa Kilatini, nao una maneno manne tu: Gulielmus filius Johannes Shakspere. William, mwana wa John Shakespeare. Basi. Mwalimu wa Kilatini angeusahihisha kwa wino mwekundu, maana jina la baba halikunyambuliwa inavyostahili. Siku ya kuzaliwa haikutajwa. Dunia huikisia tu. Na mama yake, Mary Arden, hayumo kabisa. Aliyembeba mimba na kumzaa mshairi huyo hakupewa hata neno moja. Zaidi ya hayo, ukurasa unaosomwa leo si ule ulioandikwa siku ya ubatizo, bali ni nakala iliyotokana na agizo lile la kunakili upya.

Miezi michache tu baadaye, tarehe 11 Julai 1564, katika orodha ya maziko ya parokia hiyohiyo, pana maneno matatu ya Kilatini yenye maana kwamba hapa ndipo tauni ilipoanza. Baada yake majina hufuatana kwa wingi wa kutisha. Karani hakuomboleza, hakutumia tashbihi wala takriri. Aliorodhesha. Hata hivyo, hakuna anayeusoma ukurasa huo bila kuhisi baridi mwilini. Ndio ufasaha wa daftari: halina nia ya kuliza, nalo huliza.

Mtafuta nasaba husafiri kinyumenyume. Huanza na jina alijualo, akashika uzi kutoka kwa mwana hadi kwa baba, na njiani hukutana na mitego. Mmoja ni wa kalenda. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi na si tarehe 1 Januari. Mjukuu asiyelijua hilo anaweza kukuta ndoa ya Mei 1720 na ubatizo wa mtoto wa ndoa hiyo uliofanyika Februari 1720, akaona haya kwa niaba ya bibi yake aliyejifungua miezi mitatu kabla ya harusi. Kumbe Februari hiyo ilikuja baada ya Mei, na mtoto alizaliwa kwa wakati wake kama wana wa watu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuhesabu Mfungo Mosi baada ya Ramadhani huku akiandika Januari katika barua za ofisini, hatashangaa kwamba mwaka unaweza kuwa na milango miwili. Na mnamo Septemba 1752, ili Uingereza ilingane na sehemu kubwa ya Ulaya, tarehe 2 ilifuatwa na tarehe 14. Hakuna aliyebatizwa katika siku kumi na moja za katikati, kwa maana siku zenyewe hazikuwapo.

Mtego mwingine ni wa dini. Daftari la parokia ni la Kanisa la Kianglikana. Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga. Wakweka, ambao kanisa lao Magharibi mwa Kenya hujulikana kama Kanisa la Marafiki, waliweka kumbukumbu zao wenyewe. Mtu anaweza kukosekana katika kitabu cha kijiji chake kwa kuwa alisali nyumba ya pili. Aidha vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mnamo 1642, viliacha mapengo katika vitabu vingi, makasisi wakiwa wamefukuzwa au wamekimbia.

Kuanzia Machi 1754, sheria mpya ya ndoa ilidai kwamba bwana arusi, bibi arusi na mashahidi watie saini. Hapo ndipo mjukuu anapokutana kwa mara ya kwanza na mkono wa babu yake mwenyewe. Mara nyingi mkono huo haukuandika jina. Uliweka msalaba, na karani akaandika kando yake kwamba hii ni alama ya fulani. Watunzi wa tendi za Kiswahili walizoea kujitaja katika beti za mwisho, jina na nasaba, ili kazi isibaki yatima. Kibarua wa Sussex hakuwa na beti za mwisho. Alikuwa na msalaba mmoja uliochorwa kwa kidole kilichozoea jembe, wino ukiwa umedondoka pembeni. Hata hivyo, msalaba huo ni wake. Ni kitu pekee alichokiacha duniani ambacho hakikuandikwa na mtu mwingine.

Mnamo 1813 vitabu vilianza kupigwa chapa, vikiwa na safu maalumu. Sasa ubatizo ulitaja jina la mtoto, majina ya baba na mama, makazi yao na kazi ya baba. Katika vijiji vya kusini safu hiyo ya kazi huchosha macho. Kibarua. Kibarua. Kibarua. Fundi viatu. Kibarua. Na hapa hadithi ya nyumbani huanza kutetemeka, maana yule kijana mwenye fedha kidogo mfukoni hujitokeza akiwa mwana wa kibarua, mjukuu wa kibarua. Wakati mwingine pia, mahali pa jina la baba hapana kitu, na kasisi ameandika neno la kueleza kwamba huyu ni mtoto wa nje ya ndoa, akitumia lugha ambayo leo hakuna kasisi angethubutu kuisoma madhabahuni.

Hapo wapo wanaofunga kitabu na kurudi hotelini. Lakini mficha uchi hazai. Anayevumilia hugundua kwamba aibu ile ilizaa karatasi, na karatasi zile zimebeba mengi kuliko daftari lenyewe. Chini ya sheria ya maskini ya 1601, kila parokia ilipaswa kuwatunza mafukara wake kwa kodi iliyotozwa wenye mali wa hapohapo. Sheria ya 1662 ikaongeza kwamba kila mtu ana parokia moja inayowajibika kwake, na akihitaji msaada akiwa kwingine anaweza kurudishwa huko. Kwa hiyo wasimamizi wa maskini walikuwa na bidii ya ajabu ya kujua mtu alizaliwa wapi, aliajiriwa kwa nani kwa mwaka mzima, alifunzwa ufundi mahali gani. Waliwahoji watu mbele ya mahakimu na kuandika majibu yao. Msichana mjamzito asiye na mume aliulizwa kwa kiapo baba wa mtoto ni nani, ili gharama ya malezi imwangukie huyo na si parokia. Hivyo jina lisilokuwamo katika ubatizo huweza kupatikana katika hati ya ahadi ya malezi. Wasimamizi hawakuitafuta nasaba, waliokoa fedha. Lakini katika kuokoa fedha waliandika maisha ya watu ambao hakuna mwanahistoria wa siku zao angepoteza wino kwa ajili yao.

Mambo yalizidi kuwa magumu baada ya vita dhidi ya Napoleon kumalizika mnamo 1815. Wanajeshi walirudi vijijini kukiwa hakuna kazi. Malisho ya umma yalikuwa yamezungushiwa ua na kuwa mali ya wachache. Kisha ikaja mashine ya kupura nafaka, ikachukua kazi ya majira ya baridi iliyokuwa ikimpa kibarua mkate. Katika miezi ya mwisho ya 1830, kuanzia Kent na kuenea Sussex na kwingineko, vibarua walivunja mashine hizo, wakachoma mazizi na marundo ya nafaka, na barua za vitisho zikatumwa kwa jina la kubuni la Kapteni Swing. Serikali ilijibu kwa mkono mzito: watu 19 walinyongwa na karibu 500 wakasafirishwa kwa meli kwenda Australia.

Wenye ardhi nao walitafuta dawa nyingine. Mjini Petworth, katika Sussex, aliishi George O'Brien Wyndham, lodi wa tatu wa Egremont, tajiri mkubwa aliyempokea mchoraji J.M.W. Turner katika jumba lake na kumpa nafasi ya kuchora. Kasisi wa Petworth, Thomas Sockett, alisimamia mpango wa kuwasafirisha maskini hadi Kanada ya Juu, eneo ambalo sasa ni kusini mwa Ontario. Lodi aliwalipia nauli watu wa parokia alizozimiliki kwa sehemu kubwa, nazo parokia zikatoa fedha za nguo, viatu na matandiko. Kati ya 1832 na 1837, watu wapatao 1,800, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwa mpango huo kupitia bandari ya Portsmouth. Meli za kwanza, Lord Melville na Eveline, ziling'oa nanga Aprili 1832. Mnamo 1834 Bunge liliruhusu parokia kote nchini kukopa fedha kwa ajili ya kuwahamisha maskini wao.

Ilikuwa hisani au ilikuwa hesabu? Yamkini vyote viwili. Familia iliyopewa msaada kila juma ni gharama isiyokoma. Nauli ya meli hulipwa mara moja. Fauka ya hayo, kijana mwenye njaa na kiberiti ni hatari akiwa kijijini, lakini hana madhara akiwa ng'ambo ya bahari. Wala daraja la mtu halikusahauliwa. Lodi huyo mwenyewe alikuwa na watoto wengi nje ya ndoa. Mwanawe mkubwa, aliyezaliwa kabla wazazi hawajafunga ndoa, aliukosa ulodi kwa sababu hiyo, lakini aliurithi Petworth pamoja na jumba na mashamba yake. Mtoto wa kibarua aliyezaliwa kwa namna hiyohiyo alirithi neno moja chungu kando ya jina lake.

Sasa mjukuu anafika kwenye ukurasa wa 1831. Humo yumo mtoto wa mwisho wa ukoo wake kubatizwa katika parokia hiyo. Anafungua ukurasa wa 1832, kisha 1833, kisha 1834. Majina ya majirani yanaendelea kama kawaida: wanazaa, wanaoana, wanazikwa. Jina lake halipo. Anageukia kitabu cha maziko, akihofu kwamba ugonjwa uliwafagia. Hawamo. Wamebatizwa, wala hawakuzikwa.

Hapo ndipo maumbile ya daftari yanapodhihirika. Daftari la parokia lina milango mitatu: kuingia duniani, kuingia katika ndoa na kuingia kaburini. Halina mlango wa nne. Amri ya 1538 haikuwa na safu ya kuondoka, na wala sheria iliyoanza kutumika 1813 haikuiweka, kwa kuwa walioziandika walidhani kwamba mtu huzaliwa, huishi na hufa akisikia kengele ya kanisa lake. Kasisi aliyewaona wakipanda mkokoteni kwenda bandarini hakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuwapata. Akiwa ameongeza neno pambizoni, ni bahati ya mjukuu. Bila neno hilo, uhamaji huandikwa kwa njia moja tu, nayo ni weupe wa karatasi.

Wala upande wa pili wa bahari haukuwa na uandishi bora. Orodha za abiria waliofika Quebec kabla ya 1865 zilizosalia ni chache mno. Ontario haikuanza kusajili vizazi na vifo kiserikali hadi 1869. Aliyefika mnamo 1832 na kufa mnamo 1850 anaweza kuwa ameacha jiwe la kaburi lililofutika maandishi, au asiache hata hilo. Isitoshe, mwaka 1832 ndio mwaka ambao kipindupindu kiliingia Kanada pamoja na meli, na kisiwa cha Grosse Île katika Mto Saint Lawrence kikafanywa karantini. Wapo waliofutwa katika kitabu cha nyumbani bila kuwahi kuandikwa katika kitabu cha ugenini.

Basi mjukuu hana budi kuacha kitabu cha kasisi na kufungua vitabu vya hesabu vya baraza la parokia. Hivyo havina utukufu wowote. Ni safu za pauni, shilingi na peni: mbao za kukarabati nyumba ya maskini, malipo ya mkunga, sanda ya mjane. Na hapo, katikati ya sanda na mbao, hukutana na mlango wa nne aliokuwa akiutafuta: viatu vya mtu fulani na wanawe, mablanketi, masanduku ya safari, gharama ya kuwapeleka Portsmouth. Jina la babu limerudi, limeandikwa kando ya bei ya viatu. Mali ndiyo iliyomwandikia mtu habari zake. Methali imetimia kwa njia ambayo wahenga hawakuikusudia.

Kasisi Sockett alifanya jambo jingine la manufaa. Alizikusanya barua ambazo wahamiaji waliwaandikia jamaa zao, akazichapisha ili kuwavutia wengine wasafiri. Alikuwa na ajenda yake, nayo haikufichika. Lakini barua zilisalia. Mnamo 2000 wanahistoria Wendy Cameron na Mary McDougall Maude walichapisha utafiti mpana juu ya mpango wa Petworth, na barua za wahamiaji zikapata tena wasomaji. Watu ambao katika daftari walikuwa msalaba na neno kibarua wanaonekana humo wakizungumzia ujira, bei za vyakula, miti mikubwa na ndugu waliobaki. Wengine waliwategemea wenzao kuwaandikia. Hata hivyo, wamesema.

Kwa mjukuu anayerudi Ontario, hasara na faida hupimana. Kijana shupavu aliyeondoka kwa hiari hayupo tena. Mahali pake amesimama mwanamume aliyepewa viatu na parokia iliyokuwa imechoka kumlisha, na mke ambaye jina lake la ukoo lilikwisha siku alipoolewa. Huyo mke ndiye fumbo kubwa zaidi. Majina ya mama za maharusi hayakuwa na mahali katika rejista za ndoa za Uingereza na Wales hadi Mei 2021, yaani karne nne na nusu na ushei baada ya Mary Arden kuachwa nje ya mstari wa mwanawe. Nusu ya kila nasaba imeandikwa kwa wino hafifu, na mtafiti mwaminifu hukiri hivyo badala ya kujaza pengo kwa hadithi tamu.

Hata hivyo, babu mpya ana sifa ambayo babu wa hadithi hakuwa nayo: alikuwapo. Aliumwa na njaa iliyo na tarehe. Alivaa viatu vilivyo na bei. Alipanda meli iliyo na jina, akiwa na watoto ambao siku zao za ubatizo zinajulikana. Kumvua ushujaa wa kubuni si kumdhalilisha. Ni kumpa heshima ya kujulikana alivyokuwa. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli, lakini anayejitungia asili naye ni mtumwa wa utungo wake. Na msomi wa fasihi, ambaye kazi yake ni kusoma yaliyoandikwa, ana la kujifunza katika kitabu hiki kisicho cha fasihi: kwamba pengo katika matini si ukosefu wa habari. Pengo lina umbo. Linaanza mahali fulani na kuishia mahali fulani, na umbo hilo likifuatwa kwa subira hueleza nani aliyeandika, kwa faida ya nani, na nani hakuhesabiwa kuwa anastahili safu.

Kabla ya kuondoka, mjukuu huenda kuliona kanisa lenyewe. Jiwe la ubatizo lingalipo, baridi na zito. Uani yapo makaburi ya ndugu waliobaki, wengi wao bila alama, maana vibarua hawakumudu mawe. Karibu na mlango, kama ilivyo desturi katika makanisa mengi ya Uingereza, pana meza ndogo yenye daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Hakuna kasisi anayesimamia, wala kasha lenye makufuli mawili. Mjukuu huandika tarehe, jina lake na mahali atokako. Ukoo wake haukuandikwa katika parokia hiyo tangu siku ya viatu. Katika safu ya maoni, ambayo wengine hujaza sifa za madirisha ya vioo vya rangi, yeye huandika kwamba walifika salama.